Rivolva Ghali Kuliko Zote na Karatasi Zilizozipandisha Bei

Usiku wa 14 Julai 1881, ndani ya chumba cha giza huko Fort Sumner, New Mexico, sherifu Pat Garrett alifyatua risasi mbili. Ya kwanza ilimpata Billy the Kid, jambazi kijana aliyekuwa akisakwa kila pembe ya eneo lile, akaanguka hapohapo. Tarehe 27 Agosti 2021 rivolva ya usiku ule ilipigwa mnada Los Angeles na kampuni ya Bonhams. Wakadiriaji walikuwa wameipangia dola milioni 2 hadi 3. Dau likapanda, likapita makadirio, na nyundo ya dalali ilipotua na ada kujumlishwa, hesabu ilisoma dola 6,030,312.50. Kwa ubadilishaji wa fedha wa mwaka ule ni takribani shilingi bilioni 14 za Tanzania. Mpaka siku hiyo hakuna silaha ya moto, iwe bunduki au bastola, iliyokuwa imefikia bei hiyo mnadani.

Ukiitazama kama kifaa tu, si kitu adimu. Ni Colt Single Action Army, toleo lililoanza kutengenezwa mwaka 1873, yenye mtutu wa inchi 7 na nusu na nambari 55093. Kabla ya Vita Kuu vya Pili vya Dunia kiwanda cha Colt kilitoa bastola za aina hiyo zaidi ya 350,000. Nyingi zimebaki, na nyingi ni nzuri kuliko hii. Kilichoitenga hii na wenzake ni kwamba safari yake inafuatika, mkono hadi mkono. Garrett aliitwaa kwa Billy Wilson, mwenzake Billy the Kid, walipokamatwa Stinking Springs mwezi Desemba 1880. Baadaye ikatundikwa katika baa ya Tom Powers mjini El Paso ili wateja waione. Garrett akauawa mwaka 1908. Powers naye alipofariki, mjane wa Garrett, Apolinaria, alidai kwamba bastola ile iliazimwa tu, haikutolewa zawadi wala kuuzwa. Warithi wa Powers walikataa. Mama yule akaenda mahakamani miaka ya 1930, akashinda, akarudishiwa.

Hapo ndipo ninapoiona siri ya zile dola milioni 6. Mjane aliyekuwa akipigania mali ya marehemu mumewe aliiachia bastola kitu ambacho fundi yeyote hawezi kukichonga: hukumu ya mahakama inayosema hii ndiyo yenyewe, na mwenyewe ni huyu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika soko la rivolva za kale, daftari lina thamani kuliko chuma.

Bastola ile ilitoka katika mkusanyo wa Jim na Theresa Earle wa Texas, na siku hiyo haikuuzwa peke yake. Bunduki ya mitutu miwili ambayo Billy the Kid alimuulia mlinzi wake Bob Olinger alipotoroka gerezani ilifika dola 978,312. Colt ya John Selman, ambayo mwaka 1895 ilimuua John Wesley Hardin ndani ya baa mjini El Paso, ilikwenda kwa dola 858,312.

Nafasi ya pili kwa rivolva inashikwa na jozi. Mwezi Mei 2022 kampuni ya Rock Island Auction iliuza Remington New Model Army mbili alizotunukiwa Jenerali Ulysses S. Grant wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kwa dola milioni 5.17. Hizi ni kinyume kabisa cha ile ya Garrett. Hazikumuua mtu anayejulikana. Ni kazi ya sanaa: chuma chote kimejazwa nakshi za majani yaliyojikunja, zilizochorwa na L. D. Nimschke, mmoja wa mafundi nakshi waliosifika zaidi New York karne ya 19, na mipini ni ya pembe za ndovu iliyochongwa, pamoja na sura ya Grant mwenyewe. Kwa miaka mingi wataalamu hawakuwa wamezitia machoni, mpaka zilipojitokeza hadharani mwaka 2018.

Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuipita mipini ile hivihivi. Katika karne ya 19 Zanzibar ndiyo iliyokuwa soko kuu la pembe upande huu wa bara. Meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilishusha marekani, kile kitambaa kilichobeba jina la nchi yao, na kupakia pembe zilizoletwa pwani mabegani mwa wapagazi na watumwa. Pembe hizo zilikwenda kukatwa Deep River na Ivoryton, miji midogo ya jimbo la Connecticut, kwa ajili ya vibao vya piano na vitana. Na Hartford, nyumbani kwa Colt, iko jimbo hilohilo. Leo pembe hiyohiyo ni kikwazo kwa muuzaji. Kanuni za serikali kuu ya Marekani za mwaka 2016 zimefunga karibu biashara yote ya pembe za ndovu wa Afrika, na kuacha mlango mwembamba kwa vitu vya kale vyenye umri wa miaka 100 na zaidi, kwa sharti kwamba mwenye mali aweze kuuthibitisha umri huo. Tunarudi palepale kwenye karatasi. Naiunga mkono kanuni hiyo kwa moyo wote. Ikiwa mpini wa bastola ya Grant unadaiwa vyeti kabla ya kuvuka mpaka, ni haki; ndovu aliyeutoa hakuulizwa.

Kwa rivolva moja iliyouzwa kwa sababu ya uadimu wa kazi yenyewe, bila mkono wa mtu mashuhuri, mfano mkubwa ni Colt Walker. Mwaka 1842 kiwanda cha kwanza cha Samuel Colt, kilichokuwa Paterson, New Jersey, kilifilisika. Kilichomwinua tena ni vita vya Marekani na Mexico. Kapteni Samuel Walker alimtaka amtengenezee bastola nzito ya kupigania juu ya farasi, na serikali ikaagiza 1,000. Colt hakuwa na kiwanda, hivyo mwaka 1847 kazi ikafanyika katika karakana za Eli Whitney Mdogo huko Connecticut. Jumla zilitoka 1,100: elfu moja za jeshi na mia moja za raia. Kila moja ina uzito wa zaidi ya kilo 2 na silinda nene yenye picha ya askari wapanda farasi wakipigana na Wakomanche. Walker mwenyewe aliuawa huko Huamantla, Mexico, Oktoba mwaka huohuo.

Nyingi ziliharibika vitani. Baruti ilikuwa nyingi mno kwa chuma cha siku zile, na silinda zilipasuka mikononi mwa askari. Hivyo iliyosalia salama ni lulu. Oktoba 2008 Walker moja iliuzwa Marekani kwa dola 920,000, na watu wa soko wakasema hapo ndipo mwisho wa kupanda. Aprili 2018 Rock Island ikaleta nyingine, moja ya zile mia za raia, iliyonunuliwa na nahodha wa meli kutoka Denmark. Ilikuwa bado ndani ya sanduku lake la awali, pamoja na chombo cha baruti na vifaa vyake. Hakuna Walker nyingine inayojulikana kubaki na sanduku. Ikafika dola milioni 1.84, mara mbili kamili ya bei ya miaka kumi nyuma. Nchini Marekani nyumba na hisa pia vilipanda katika kipindi hicho, lakini nyumba hujengwa nyingine. Walker haziongezeki.

Zile za Paterson, watangulizi wa Walker, nazo zina rekodi yao. Septemba 2011 moja iliyokuwa katika sanduku lake iliuzwa kwa dola 977,500. Na hapa kuna uzi mwingine unaofika kwetu. Tarehe 30 Aprili 1840 jahazi la kivita Sultana, mali ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Zanzibar, lilitia nanga New York likitokea Zanzibar. Ndani yake mlikuwa na mjumbe Ahmad bin Na'aman pamoja na shehena ya pembe, karafuu, tende na ngozi. Wakazi wa mji walifurika bandarini kuwaona mabaharia. Sayyid alikuwa amemletea Rais wa Marekani zawadi, na Marekani ikamrudishia zake. Miongoni mwake zilikuwemo silaha za Colt za kufyatua mfululizo, yaani kazi ya kiwanda kilekile cha Paterson, miaka miwili tu kabla hakijafa. Zanzibar ikawa imeipokea teknolojia hiyo kabla ya majeshi mengi ya Ulaya.

Sasa tuvuke bahari hadi Ulaya, kwa sababu huko ndiko kwenye ulinganisho ninaoupenda kuliko wote.

Asubuhi ya 10 Julai 1873 mshairi Mfaransa Paul Verlaine aliingia duka la silaha la Montigny mjini Brussels, akanunua rivolva ya Lefaucheux ya milimita 7 kwa faranga 23. Mchana, akiwa amelewa, akamfyatulia mshairi mwenzake Arthur Rimbaud, kijana wa miaka 18 aliyetaka kumwacha. Risasi moja ilimpata Rimbaud kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Verlaine alihukumiwa miaka miwili jela. Polisi wa Ubelgiji waliitwaa bastola, wakaandika maelezo yake, na hatimaye ikarudi dukani ilikonunuliwa, ikakaa huko mpaka duka lilipofungwa karne iliyofuata. Tarehe 30 Novemba 2016 nyumba ya mnada ya Christie's mjini Paris iliikadiria yuro 50,000 hadi 60,000. Ikauzwa kwa yuro 434,500.

Miaka miwili na nusu baadaye, 19 Juni 2019, Paris hiyohiyo, ikaja Lefaucheux nyingine ya milimita 7. Hii ilifukuliwa na mkulima miaka ya 1960 katika shamba la Auvers-sur-Oise, kijiji ambako Vincent van Gogh alijipiga risasi tarehe 27 Julai 1890 na kufariki siku mbili baadaye. Ukubwa wa risasi unalingana na ule alioueleza daktari wake. Kutu iliyoila inaonyesha imekaa ardhini muda unaofaa. Hata Jumba la Makumbusho la Van Gogh la Amsterdam liliwahi kuiweka katika maonyesho yake. Ikauzwa kwa yuro 162,500, karibu mara tatu ya makadirio.

Zipange mbili hizi. Aina moja, ukubwa mmoja, mji wa mnada mmoja. Van Gogh anajulikana duniani mara elfu kuliko Verlaine. Watoto wa shule ambao hawajasikia shairi hata moja la Kifaransa wanazijua alizeti zake. Lakini bastola ya Verlaine ilipata zaidi ya mara mbili na nusu ya bei. Ile ya Van Gogh inategemea uwezekano mkubwa: mahali panafaa, umri unafaa, kipimo kinafaa. Ya Verlaine ina jalada la polisi. Tofauti ya yuro 272,000 kati yake ndiyo gharama ya neno "huenda".

Zipo rivolva za umaarufu mweusi. Novemba 1963 Jack Ruby alimpiga risasi Lee Harvey Oswald, mtuhumiwa wa kumuua Rais Kennedy, mbele ya kamera za televisheni mjini Dallas. Colt Cobra yake aliinunua dola 62.50. Desemba 1991 iliuzwa New York kwa dola 220,000, yaani mara 3,520 ya bei ya dukani. Septemba 2012 rivolva ndogo ya Bonnie Parker, Colt Detective Special aliyokuwa ameifunga pajani kwa utepe siku alipouawa yeye na jambazi mwenzake Clyde Barrow mwaka 1934, ilifika dola 264,000 na kuishinda bastola ya Clyde mwenyewe iliyopata 240,000. Ya Al Capone, jambazi wa Chicago, iliuzwa London Juni 2011 kwa pauni 67,250, ikiwa na barua ya jamaa wa ukoo wake kuthibitisha.

Ninapofika hapa kalamu inakuwa nzito. Nafahamu kwamba historia haichagui vitu visafi, na kwamba makumbusho bila silaha yangekuwa yanaficha nusu ya ukweli. Ile ya Ruby, hata hivyo, ina mtu aliyekufa akiwa amefungwa pingu, na familia yake ilikuwa hai mnada ulipofanyika. Kama ingekuwa amri yangu, bastola ya aina hiyo ingebaki katika hifadhi ya mahakama pamoja na jalada la kesi. Kwa Verlaine na Garrett, waliohusika wote walishakufa zamani, na naona soko halimjeruhi mtu.

Si kila jina kubwa huuza. Novemba 2013 rivolva ya Smith & Wesson iliyosemwa kuwa alikuwa nayo Wild Bill Hickok, mpiga bastola mashuhuri wa Magharibi ya Marekani, siku alipouawa ilipanda mnadani San Francisco; dau likakwama dola 220,000, chini ya kiwango cha mwenye mali, ikarudi nyumbani. Mwezi huohuo Colt iliyohusishwa na jambazi Jesse James nayo ikakosa mnunuzi Dallas. Kwa Jesse James tahadhari ya wanunuzi ina mizizi mirefu. Baada ya kifo chake mwaka 1882 mama yake mzazi aliwauzia watalii vijiwe vya juu ya kaburi kwa senti, na vilipoisha akaokota vingine kijitoni. Familia iliyoanza biashara ya kumbukumbu mapema hivyo huacha vitu vingi vyenye jina la marehemu kuliko alivyowahi kuvishika.

Sokoni pa watu wa kawaida, ambako hakuna Garrett wala Grant, kanuni ni ileile kwa viwango vidogo. Chukua Colt Python. Ilianza mwaka 1955 kwa dola 125, bei kubwa siku zile, kwa sababu kila moja ilisuguliwa na fundi kwa mkono mpaka chuma kikapata buluu nzito inayong'aa kama kioo. Kazi hiyo ya mikono ndiyo iliyoiua: gharama zilipanda, mafundi wakastaafu, na mwaka 2005 uzalishaji ukakoma. Miaka mitano baadaye ikaja tamthilia ya The Walking Dead, ambayo mhusika wake mkuu hubeba Python, na kizazi ambacho hakikuwahi kuiona dukani kikaanza kuitafuta. Bei zikaruka mara kadhaa. Januari 2020 Colt ikarudisha Python mpya kwa dola 1,499, na wengi wakategemea za kale zitaporomoka. Haikuwa hivyo. Za kale zilizotunzwa vizuri zinaendelea kuuzwa kwa bei ya juu kuliko mpya, hasa zikiwa na boksi la awali na kijitabu chake.

Smith & Wesson nao wana Registered Magnum ya mwaka 1935. Ya kwanza alipewa J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI. Ziliuzwa dola 60 wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na kila mnunuzi alijaza fomu na kutumiwa cheti chenye jina lake na nambari ya bastola. Zilitoka takribani 5,500. Wanaozikusanya leo huuliza cheti kabla hawajaomba kuiona bastola.

Asiye na cheti huandikia kiwanda. Colt wana hifadhi ya vitabu vya zamani, na kwa malipo hutoa barua inayosema bastola yenye nambari fulani ilitoka siku gani, ikiwa na rangi gani, ikapelekwa duka gani. Barua hiyo huweza kuongeza bei au kuiangusha. Ikisema bastola ilitoka ikiwa ya buluu, na wewe umeshika iliyong'arishwa kwa nikeli, basi kuna mtu aliipaka upya njiani, na sehemu kubwa ya thamani imekwenda na rangi ile ya kwanza. Ndiyo maana wenye uzoefu huacha mikwaruzo kama ilivyo, na hawaruhusu fundi asugue hata kutu ndogo bila kushauriana.

Sheria nayo imechora mstari wake. Tangu mwaka 1968 sheria ya Marekani inaihesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa kitu cha kale, nayo huweza kubadilisha mikono bila masharti ya serikali kuu yanayoibana silaha ya kisasa. Uingereza, ambako bastola nyingi za raia zilipigwa marufuku mwaka 1997, ilikaza uzi zaidi mwaka 2021 kwa kuondoa aina kadhaa za risasi katika orodha ya zile zilizohesabiwa kupitwa na wakati. Bastola iliyokuwa pambo la kabatini ikahitaji leseni.

Theodore Roosevelt, baadaye Rais wa Marekani, anaingia katika ule mstari wa 1898 kwa miezi michache. Mei mwaka huo Smith & Wesson walimpelekea rivolva ya New Model No. 3 yenye nakshi, akijiandaa kwenda vitani Cuba. Desemba 2022 iliuzwa kwa dola 910,625. Huyu ndiye Roosevelt aliyeshuka Mombasa Aprili 1909 kwa ule msafara mkubwa wa uwindaji, na bunduki ya marisau ya A. H. Fox aliyokuja nayo Afrika Mashariki ilipata dola 862,500 mwezi Oktoba 2010.

Lakini ile anayojulikana nayo zaidi haina bei. Ni Colt iliyookolewa kutoka manowari ya Maine, iliyozama bandari ya Havana Februari 1898. Shemeji yake ndiye aliyempa, naye akaibeba katika vita vya San Juan tarehe 1 Julai. Imechorwa maandishi pande mbili: upande mmoja unasema imetoka katika manowari iliyozama, mwingine unataja San Juan, tarehe, na jina la Kanali Roosevelt. Mwaka 1990 mtu aliitoa ndani ya kabati la maonyesho katika nyumba ya makumbusho ya Sagamore Hill, New York, akatoweka nayo. Kwa miaka 16 haikuonekana katika mnada wowote. Kwa maandishi yale hakuna dalali ambaye angeipokea bila kuuliza ilikotoka, na kuyafuta kungeigeuza kuwa Colt ya kawaida ya dola mia chache. Mwaka 2006 FBI waliipata na kuirudisha Sagamore Hill.